Kila Mtu na Matriksi Yake

Salum, kijana aliyekalia kiti changu, kaniganda tangu siku waliyoniaga. Anataka niandike habari za kazi, ati wanaokuja nyuma wasianze moja. Nilimwambia mie sina mafunzo ya kumpa mtu, nina masuala. Akasema basi andika masuala, Bi Rukia. Haya, naandika, na akichoka kusoma ajilaumu mwenyewe.

Mie ni mtu wa Kikwajuni, hapa Unguja. Umri wangu wote wa kazi niliumaliza katika ofisi moja ya upimaji ardhi hapa mjini, naandika programu za kompyuta za kuhesabu pahala: pembe ya kiwanja hiki iko wapi, ukingo wa barabara ile unapita wapi. Vyeo sitavitaja, kwani vilikuja vikapita, na mshahara ulipita kwa kasi zaidi. Nnalotaka kulisema ni jambo moja lililonichanganya nikiwa kazini, na linanichanganya hadi leo nikiwa nyumbani nachambua mchele. Jambo lenyewe ni hili: lugha ya kuandikia programu ije na matriksi zake ndani, au kila mtu ajitafutie?

Najua wengine mshaanza kupiga miayo. Ngojeni kidogo. Lugha ya kompyuta ukiipakia kwenye mashine huja na vyombo vyake, kama nyumba ya kupanga inayokuja na jiko na sufuria mbili tatu. Vyombo hivyo ndiyo maktaba ya lugha. Lugha yetu ya ofisini ilikuja na mengi: kupanga majina kwa herufi, kuhesabu tarehe, mpaka namna ya kuifanya kompyuta ilie kengele, sijui ya kumwamsha nani. Matriksi haikuwamo. Na matriksi si dudu. Ni namba zilizopangwa kwa mistari ya kulala na ya kusimama, zenye kanuni zake za kuzidishana. Kwa kazi yetu sisi namba nne tu, mbili juu na mbili chini, zinatosha kuigeuza ramani nzima ya Unguja. Basi chombo hicho kidogo, tunachokihitaji kila siku, ndicho tulichonyimwa. Au pengine tuliachiwa kwa hekima. Ndiyo maana nasema nimechanganyikiwa.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vipya vilivyonibana, nikidhani nitapewa kompyuta. Nikapewa Bwana Hamdani. Alikuwa mpimaji wa zamani, mrefu, mkimya, na kimya chake kiliisha akiona namba tu. Alinipa penseli na karatasi, akaniambia kompyuta ipo, haikimbii. Wiki zangu za mwanzo nilizidisha matriksi kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu. Nikikosea hanigombezi, anazungushia duara pale nilipokosea kisha anakwenda kunywa chai. Wallahi ingekuwa kheri angegomba.

Bwana Hamdani alikuwa na desturi moja asiyoibadilisha: namba za pahala popote anaanza na ya kaskazini, kisha ya mashariki. Siku moja nilianza na ya mashariki, kwa sababu skuli tulifundishwa hivyo, ya ubavuni kwanza kisha ya juu. Akaweka kikombe chini.

"Rukia, mpimaji akishafika uwandani anafanya nini?"

"Anasimama."

"Anaelekea wapi?"

"Kaskazini."

"Kisha ndo anageuka. Sasa weye unaanzaje kugeuka na hujasimama?"

Tangu siku hiyo mkono wangu hauwezi kuandika mashariki kwanza hata nikilazimishwa.

Baadaye nikapewa kompyuta, na kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa ya ramani mbili. Kisiwa hiki kina ramani ya zamani, iliyopimwa kwa minyororo na darubini, na ramani mpya inayotoka kwenye setilaiti. Zote mbili zinashikana kwenye alama moja hapa mjini. Kutoka hapo ile ya zamani imepinda kidogo, mpindo ambao kwa jicho huuoni. Bwana Hamdani aliuhesabu ule mpindo kwa mkono, akapata namba zake nne, akanipa nizitie kwenye mashine. Kwa kuwa lugha haina matriksi, niliandika mwenyewe programu ya kuzizidisha. Akaikagua, akazungusha duara mbili, nikasahihisha. Hiyo ndiyo ilikuwa matriksi yangu, na ilifanya kazi mpaka yeye akastaafu, na mpaka tukamzika, Mungu amrehemu.

Lakini si yangu peke yangu. Kila aliyeajiriwa kuandika programu alikuja akaandika ya kwake. Mmoja alianza kuhesabu mistari kwa sifuri, mwengine kwa moja. Mmoja yake ilikataa kugawanya, mwengine yake iligawanya hata pasipogawika, ikakupa namba kubwa ajabu bila ya haya. Tungeweza kuchukua matriksi za watu wengine kutoka kwenye intaneti, zipo tele na ni za bure. Lakini kompyuta zetu za ramani mkubwa wetu alizikatia intaneti akiogopa virusi, na hata ukizipata, hizo pakiti za programu ni kubwa, zimetengenezwa kwa watu wenye mamilioni ya namba. Kuichukua pakiti kama ile kwa ajili ya namba nne ni sawa na kukodi lori kwenda dukani kununua kibiriti. Basi kila mtu akapika kwake.

Ndipo akaja Salum. Kasoma chuo kikuu, mwepesi, mcheshi, ana tabia ya kula karanga juu ya kibodi. Huyu ndiye alonitia mimi katika huu mjadala. Alikuwa akifuatilia mazungumzo ya wale wanaoitunza lugha yetu ya programu, ambayo wanayafanya wazi wazi kwenye intaneti, na simu yake haikukatiwa.

"Bi Rukia, wanabishana kama watie matriksi kwenye maktaba ya lugha."

"Watie, wanangoja nini?"

"Kuna wanaokataa."

"Kwani inawauma wapi?"

Akanisomea. Wanaotaka wanasema ni aibu lugha nzima haina kitu cha skuli, na kila mtu anaandika yake na kila mtu anaikosea kwa namna yake. Nikasema hao wana haki. Kisha akanisomea wanaokataa. Wao wanasema kilichotiwa kwenye maktaba hakitoki tena, na ukitia kuzidisha kesho wataomba kugeuza, keshokutwa wataomba kitu chengine, na hapana atakayejua vitu vya kawaida vinaishia wapi. Halafu mtu wa namba milioni ataitumia hiyo hiyo ndogo, imshinde, aje awalaumu. Nikasema hao nao wana haki. Salum akacheka, akaniuliza niko upande gani. Nikamwambia niko upande wa yule aliyesema mwisho.

Wakati huo ikaja kazi ya kupanua barabara kupita Kiembe Samaki, nje kidogo ya mji. Mpaka wa barabara ile ulichorwa zamani, uko kwenye ramani ya zamani. Ilibidi uhamishiwe kwenye ramani mpya, kisha wapimaji waende na mashine zao za setilaiti, wakite vigingi. Mie nilikuwa na kazi nyengine, kwa hiyo programu aliiandika Salum. Namba nne za Bwana Hamdani alizichukua zilivyo, na ya kuzizidisha akaandika ya kwake, kama tulivyoandika sote.

Ofisi yetu ilikuwa na utaratibu wa kujaribu kila programu mpya hapa hapa Mji Mkongwe. Si uvivu, ulikuwa na maana. Majumba haya ya mawe hayajasogea tangu yajengwe, pembe zake zinajulikana, na mtu anatoka ofisini kwa miguu anakwenda kusimama kwenye pembe na mashine yake. Tulikwenda na Salum tukasimama pembe ya jumba moja, halafu jengine, halafu la tatu lenye mlango wa mapambo ambapo watalii walitupiga picha. Kila pembe ilikaa pale pale programu ilipoitaja. Tukarudi tumeridhika, karatasi ikatiwa saini, vigingi vikaenda kukitwa Kiembe Samaki.

Baada ya muda mfupi akaja ofisini Bi Mwanaidi, mkaazi wa Kiembe Samaki. Alipiga hodi, akasalimu, akaniuliza hali za nyumbani kwangu kana kwamba tumekua pamoja, ndipo akakaa.

"Bi Rukia, nimeambiwa wewe ndo mwenye kompyuta."

"Kompyuta ya ofisi, Bi Mwanaidi. Karibu."

"Hiyo hiyo. Chumba changu cha nyuma kimetiwa alama nyekundu. Ati kimo barabarani. Sasa chumba kile analala mama. Mama haoni vizuri na miguu haina nguvu, lakini kutoka kitandani mpaka chooni anakwenda mwenyewe, anashika ukuta. Jambo hilo moja ndo limembakia la kulifanya peke yake. Nikikibomoa kile, namtia wapi?"

Nikamweleza kuwa barabara ina mpaka wake wa zamani.

"Sikatai," akasema. "Mie nauliza tu, mmehakikisha?"

Nikamwambia ngoja. Nikaifungua programu ya Salum, nikaitia namba za mpaka ule upya. Ikaleta jibu lile lile, mstari unapita katikati ya chumba. Nikaitia tena, ikaleta lile lile. Kompyuta ukiiuliza kitu kimoja kwa njia moja itakujibu kitu kimoja, na wewe mtu mzima unakaa unajiona umehakikisha. Nikamwambia ramani inasema hivyo, ila asubiri, nitawauliza wakubwa. Niliwauliza kweli. Wakanijibu kuwa programu ishajaribiwa na saini ipo. Bi Mwanaidi aliponiaga alinishukuru, na shukrani ile ilinikera siku nzima bila ya kujua kwa nini.

Halafu ikafika zamu ya Chwaka, mbali kule pwani ya mashariki. Salum alikuwa akihamisha viwanja vya kule kwa programu ile ile, akaviweka juu ya picha ya setilaiti. Akaniita.

"Bi Rukia, hebu njoo utazame."

Nikatazama. Viwanja vya ukingoni vilikuwa majini. Vimejipanga vizuri, na njia zake katikati, ndani ya bahari.

"Labda bahari imepanda," akasema mwenzetu mmoja aliyekuwa akipita.

"Ipande yenyewe, na hivi vya nchi kavu mbona navyo vimesogea?" nikamuuliza. Akaenda zake.

Nikaifungua programu yangu ya zamani, nikaitia viwanja vile vile na namba nne zile zile. Vikatoka majini, vikakaa nchi kavu, kila kimoja juu ya nyumba yake. Namba moja, programu mbili, majibu mawili. Salum akageuka rangi. Nikamwambia usifadhaike, moja kati ya hizi imekosea, tuitafute. Tukakaa na penseli kama enzi za Bwana Hamdani. Tukaizidisha yangu kwa mkono: sahihi. Tukaizidisha yake: sahihi. Kanuni ni ile ile, hapana hata namba iliyoruka. Naapa nilimtamani marehemu angalau aje azungushe duara pahala.

Mwisho nikamwambia Salum anisomee kwa sauti kiwanja kimoja, mie nihesabu. Akasoma namba ya kwanza.

"Hiyo ya mashariki," nikasema.

"Ndiyo."

"Unaanza na mashariki?"

"Si ndivyo? Ya ubavuni kwanza, kisha ya juu."

Nikaweka penseli chini. Namba nne za Bwana Hamdani zilipangwa kwa mtu anayeanza na kaskazini. Mtu huyo zinamgeuzia ramani upande mmoja. Akija anayeanza na mashariki, namba zile zile, kwa kuzidisha kule kule kulikokuwa sahihi, zinaigeuza upande wa pili. Badala ya kuunyoosha mpindo, zinauongeza mara mbili. Na Mji Mkongwe kosa hatukuliona kwa sababu alama ya mwanzo iko pale. Ukifungua mlango, karibu na bawaba huoni kitu kikisogea, kinachopita hewani ni ukingo wake. Mji ndiyo bawaba. Kiembe Samaki mlango ulisogea kiasi cha upana wa chumba, na kosa la upana wa chumba mtu huliamini. Chwaka lilipofika ndipo likawa la kuchekesha.

"Kiembe Samaki," Salum akasema. Na mie nilikuwa nshasimama natafuta mkoba.

Tulikwenda kwa gari ya ofisi, yeye anaendesha. Njia nzima tukabishana, nadhani ili tusinyamaze.

"Ingekuwa matriksi imo kwenye maktaba ya lugha," akasema, "wewe na mie tungetumia moja. Hili lisingetokea."

"Maktaba ingezidisha tu, Salum. Yangu ilizidisha sawa na yako ilizidisha sawa. Ingejuaje wewe unaanza na mashariki?"

"Ingeandikwa kwenye maelezo yake ipi ianze."

"Maelezo umewahi kuyasoma lini?"

Akabadilisha gia. "Lakini tungekuwa na pahala pamoja pa kukosea."

Neno hilo lilinishika. Nikataka kulijibu, nikaona lina haki. Kisha nikaona kuwa pahala pamoja pa kukosea ni kukosea kisiwa kizima kwa siku moja. Nikaona na hilo lina haki. Tulipofika nilikuwa sijui nimesema nini.

Chumba hakikuwapo. Bi Mwanaidi alikuwa kakibomoa mwenyewe. Tangazo walilobandikiwa lilisema atakayebomoa kwa hiari atabaki na matofali na mabati yake, na atakayengoja tingatinga atabaki na kifusi. Muda ulikuwa unakwisha na jibu la wakubwa hakulipata, kwani mie sikumpelekea. Alimwita fundi, wakayatoa matofali moja moja, akayapanga uani vizuri kuliko sisi tunavyopanga mafaili. Mabati aliyaegemeza kwenye mpapai. Mama yake kamhamishia ukumbini, nyuma ya pazia, na chooni sasa anabebwa.

Nilimwambia pale pale uani. Nilimwambia mpaka hauko hapa, uko kule karibu na lami, chumba chake kilikuwa salama tangu mwanzo na kosa ni la hesabu za ofisini. Salum alikuwa kainama anatazama matofali. Bi Mwanaidi alinisikiliza mpaka mwisho, akayatazama matofali yake, akanitazama mie.

"Na sasa mmehakikisha?"

Jibu nilikuwa nalo, karatasi za hesabu, yangu na ya Salum, zimo mkobani. Mkoba sikuufungua.

Ofisi ilikiri, hilo niseme. Iliahidi kumjengea, na vigingi vyote vya Kiembe Samaki viling'olewa vikakitwa upya. Sisi wenyewe tulifanya mkutano mrefu, tukakubaliana kuwa kuanzia siku ile kila namba iandikwe jina lake ubavuni, kaskazini au mashariki, na programu mpya ijaribiwe mjini na Chwaka pia. Mkutano ule ungeweza kufanyika miaka yote nilokuwapo, na hapana alowahi kuufikiria, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na hakika ya mkono wake.

Salum hakutulia. Wale watunzaji wa lugha walikuwa wameomba watumiaji waeleze yaliyowakuta, akanisukuma niandike. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikaeleza kisa chote kama nilivyokieleza hapa: namba nne, bawaba ya mlango, mama anayeshika ukuta. Salum akakifasiri kwa lugha wanayozungumza wao, akakipeleka. Majibu yalikuja, ya heshima kabisa. Wanaotaka matriksi iwemo walinishukuru, wakasema kisa changu ndicho ushahidi kuwa iwemo. Wasiotaka nao walinishukuru, wakasema kisa changu ndicho ushahidi kuwa isiwemo, kwani maktaba isingesaidia kitu. Niliwasoma wote, nikawaona wote wana akili kunishinda. Nilistaafu wakiwa bado wanabishana, na Salum anasema hadi sasa wanaendelea.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtazama Bi Mwanaidi. Nilimchukulia mama yake visheti. Ujenzi haujaanza, matofali yapo pale pale uani na yameanza kuota ukungu. Tulikaa kibarazani, nikamhadithia kuwa watu wa mbali wanakizungumza chumba chake, upande mmoja na upande wa pili, na kila upande umethibitisha kuwa una haki. Alinisikiliza kwa adabu ile ile aliyokuja nayo ofisini.

"Yule kijana wenu alikosea?"

"Hesabu zake zilikuwa sawa."

"Na yule mzee wenu aloziandika zile namba?"

"Na zake zilikuwa sawa."

"Hao walotengeneza hiyo lugha?"

"Wao ndo bado wanazungumza."

Akaishika kanga yake akaikaza begani.

"Bi Rukia, angekuwapo mtu aliyekosea ningemsamehe, yakaisha. Sasa mnataka mie nimsamehe nani?"